Kiti cha Kushoto

Wiki jana nilimwacha Nzula langoni kule Spring Valley, kidole kwenye kengele, na wengine wenu mkaniandikia matusi ati nawanyima usingizi. Haya, poleni. Lango limefunguliwa. Ingieni naye, lakini mfute viatu, kwa maana Mama Ryan hapendi matope kwenye zulia lake.

Kama unaanza kusoma leo, sikiliza upesi. Anayeishi hapa ni Lenox Odero, yule mchambuzi wa siasa wa kipindi cha asubuhi kila Jumanne. Alianza na Chama cha Pembe. Pembe ilipovunjika akahamia Chama cha Taa, akaitukana serikali miaka tisa mpaka mate yakamkauka. Taa iliposhindwa uchaguzi akahamia Chama cha Jembe, ambacho ndicho kiko serikalini. Kila alipohama alisema maneno yale yale: "Nchi kwanza." Nchi gani, hakusema.

Nzula, au Mama Mwende, ni mke wa Kiilu. Kiilu ni rafiki ya Lenox tangu ujana, mtu wa Taa damu na mifupa, hajawahi kuhama hata kiti kanisani. Tangu Jumatano yuko seli. Wanasema mchana wa siku hiyo aliongoza vijana waliochoma ofisi ya Jembe katikati ya jiji.

"Shemeji," Nzula alisema bila kuketi, "Jumatano mchana ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa hapa nyumbani." Lenox hakupepesa jicho. Kazi yake ni kutopepesa jicho. "Muulize Mama Ryan."

Kui, mkewe, ndiye huyo Mama Ryan, alikuwa ameshika sinia ya chai. Akaiweka mezani polepole.

"Hukuwa hapa."

"Kui!"

"Hukuwa hapa, Baba Ryan. Ulitoka saa tano, simu ukaificha kwa droo ya soksi. Mama Mwende, mwanamume akiacha simu nyumbani, wewe ungefikiria nini? Mimi nimekonda! Nimefunga na kuomba tangu Jumatano nikijua ni mwanamke."

"Si mwanamke," Nzula alisema. "Ni mume wangu. Asubuhi hiyo aliniambia, 'Naenda kuonana na Lenox, usimwambie mtu.' Na yeye simu aliiacha."

Kui akaketi. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamgeuka kikawa kilio cha hasira.

"Kiilu? Yaani nimelala njaa siku hizo zote kwa sababu ya Kiilu?"

Basi Lenox angefanya nini? Akakubali. Alimbeba Kiilu kutoka barabarani, wakaenda kukaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali moja Upper Hill, kwa sababu hospitalini hakuna anayekuuliza umefuata nini. Vioo vyeusi, mfuko wa njugu katikati yao. Lenox alikuwa ameanza kunusa kwamba Jembe itaanguka, na alitaka kurudi Taa kabla ya wengine. Kiilu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hapana, ndugu yangu. Hatukutaki. Lakini sitamwambia mtu kwamba ulikuja."

Saa hiyo hiyo wanatafuna njugu, ofisi ya Jembe ilikuwa inawaka mjini.

"Na hajasema," Nzula alisema. "Wanamuuliza alikuwa wapi, ananyamaza. Mimi namwambia taja Lenox, ananijibu, 'Nilimpa neno langu.' Shemeji, Kiilu ana sukari. Seli haina friji ya kuweka dawa yake. Alhamisi korti inaamua kama atatoka kwa dhamana au atakaa rumande mpaka kesi iishe, na kesi za Kenya unazijua. Mtu anaoza ndani kwa sababu alikupa neno lake. Lako liko wapi?"

"Wewe si unaweza kusema? Si alikuambia?"

"Wakili anasema mke akimtetea mumewe hakuna anayesikia. Inatakiwa wewe."

Kabla Lenox hajafungua kinywa, simu ililia. Alikuwa Gerishon. Gerishon ndiye huwagawia wachambuzi wa Jembe maneno ya kusema, na simu huipigia kelele kama anahutubia uwanja. Sebule nzima ilisikia.

"Mchambuzi wangu! Ijumaa jina lako linatoka. Mwenyekiti wa bodi ya serikali! Gari, dereva, ofisi yenye zulia. Sasa Jumanne nataka kitu kimoja tu. Sema unamjua Kiilu tangu ujana, na kwamba ni mtu wa fujo. Ikitoka kwako wewe, itaingia."

"Sawa, mzee," Lenox alisema.

Ndiyo, alisema sawa. Msinitazame hivyo, sikumfundisha mimi.

Nzula akachukua mkoba wake. "Chai yako ni nzuri, Mama Ryan," alisema, na kikombe hakuwa amekigusa. Akatoka.

Kui alifunga mlango, akauegemea.

"Tumehama nyumba tatu kwa ajili ya vyama vyako," alimwambia mumewe. "Watu wa kanisa la kwanza hawanisalimii. Wa pili wananicheka. Ukienda kusema ukweli, tutafukuzwa hapa pia, kwa maana hii nyumba ni ya rafiki ya Gerishon. Najua. Lakini usiposema, Baba Ryan, safari hii nitahama peke yangu."

Jumatatu Lenox alikuwa mjini, juu ya duka la viatu, mbele ya meza ya wakili wa Kiilu. Wakili huyu anaitwa Veronicah na hana subira.

"Kamera za hospitali?"

"Zinaonyesha gari langu likiingia. Vioo ni vyeusi, aliye ndani haonekani."

"Kuna aliyewaona?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo ni neno lako tu."

"Ni neno langu."

Veronicah alivua miwani, akajisugua macho. "Mungu wangu," alisema.

Lenox aliumia, tena sana. Wengine wetu tungesema alistahili, lakini mtu akikwambia usoni kwamba neno lako ni hasara, hata kama ni kweli, linachoma.

"Sasa sikiza," Veronicah alisema. "Sema kesho hewani, kabla hawajakufunga mdomo. Ukishasema mbele ya nchi, hawawezi kukugeuza. Alhamisi uje uape. Lakini bwana Odero, nakuomba. Sema tu Kiilu alikuwa na wewe, wapi, na saa ngapi. Basi. Usichambue!"

Lenox akaahidi.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la kipindi kile, na wanaokitazama watanivumilia. Mtangazaji Ivyne Nasimiyu hukaa katikati. Kulia kwake hukaa mtu wa serikali, kushoto mtu wa upinzani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mama anayechemsha chai asubuhi anaijua. Hata ukiwasha televisheni bila sauti, utajua nani anamtetea nani. Siku Lenox alipotoka kiti cha kushoto akaenda cha kulia, watu walibishana wiki nzima kuliko walivyobishana juu ya bei ya unga.

Jumanne asubuhi Lenox aliingia studio macho mekundu. Alikuwa akirudia maneno yake kimoyomoyo kama mtoto wa Sunday school: Kiilu, Upper Hill, mchana. Kiilu, Upper Hill, mchana. Mwenzake wa kujadiliana naye, Ndegwa wa Taa, alikuwa amekwama kwenye jam ya Waiyaki Way. Viti vyote viwili vilikuwa vitupu.

Miguu ina mazoea yake. Miaka tisa si mchezo. Lenox alikwenda moja kwa moja akaketi kushoto.

Ivyne aliona. Akafungua kinywa amwambie, na taa nyekundu ya kamera ikawaka. Walikuwa hewani.

"Habari ya asubuhi, Wakenya. Lenox Odero, karibu. Leo—"

"Nina jambo moja tu," Lenox alimkatiza. "Mnamshtaki Kiilu bure. Jumatano mchana hakuwa mjini. Alikuwa na mimi, ndani ya gari langu, Upper Hill."

Laiti angeinuka hapo akaenda zake! Ningewaambia wiki hii Kiilu yuko kwake, anakula ugali.

"Ngoja, ngoja kwanza," Ivyne alisema, na macho yalikuwa yameanza kumwaka kwa furaha ya mtangazaji. "Wakenya wanaona ulipokaa. Hiki ni kiti cha upinzani. Lenox, umehama tena?"

Lenox akatazama chini. Akaona kiti.

Akiinuka kwenda kulia, itaonekana amemkana Kiilu na yote aliyosema. Akibaki, amehama. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu zilimponyoka zote akiwa ameketi.

"Kiti si hoja," alisema. "Nimekaa tu."

"Hakuna mtu hukaa tu hapa," Ivyne alijibu.

Mlango ukafunguliwa, Ndegwa akaingia mbio, tai begani. Alipoona kiti chake kimekaliwa alisimama katikati ya studio mbele ya nchi nzima.

"Sasa mimi leo ni serikali?" aliuliza.

Hata mshika kamera alicheka. Picha ilitikisika. Chini ya skrini maneno makubwa yalikuwa tayari yanapita: ODERO AHAMA TENA.

Ivyne akaegemea mbele. "Tuambie. Wewe na Kiilu, ndani ya gari, mlikuwa mnazungumza nini?"

Usichambue, alikuwa ameambiwa. Lakini muulize Lenox swali uone kama atanyamaza. Tena siku hiyo alikuwa ameamua kusema kweli, na mtu asiyezoea kweli hajui kipimo chake.

"Nilikuwa namwomba anirudishe Taa," alisema. "Akakataa."

Neno "akakataa" lilisemwa. Mimi nililisikia kwa masikio yangu. Lakini kabla ya saa nne, video iliyokuwa kwenye kila simu ya Nairobi ilikuwa inakatika kwenye "anirudishe Taa". Aliyeikata sijui. Aliyeisambaza ni sisi sote.

Lenox alitoka akashika njia kwa miguu, kwa sababu dereva aliyeletwa na Jembe asubuhi hiyo kumpeleka studio alikuwa ameshaondoka na gari. Penye muuza magazeti palikuwa na watu wamekusanyika, wale wasomaji wa bure, wanaume wa kusoma vichwa vya habari na kubishana mpaka jioni. Zamani yeye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa hapo. Walipomwona wakapiga makofi.

"Mhesh! Safari hii wamekupa ngapi?"

"Sijapewa kitu! Nimesema ukweli, kuna mtu yuko ndani bure!"

"Ukweli!" Mzee mmoja alishika tumbo. "Bana, na huo ukweli nao utauhama lini?"

Hakuna aliyemtaja Kiilu. Hapana, nakosea. Kijana mmoja mwenye mkono uliofungwa bendeji alimtaja, na hakuwa anacheka.

"Sisi Jumatano tulipigwa tukiandamana kwa ajili ya Taa," alisema. "Kumbe mkubwa wetu alikuwa kwa gari la Jembe, vioo juu, anapanga bei yako. Mwambie Kiilu asirudi kwetu."

Lenox akamshika mkono ule mzima. "Alikataa! Kijana, nisikize, alinikataa!"

"Wewe ndiye shahidi wake?" kijana aliuliza. "Basi pole yake."

Gerishon alipiga simu mara moja, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. "Ijumaa jina litatoka," alisema, "lakini si lako. Mwenye nyumba anataka funguo." Taa nao wakatoa taarifa kwamba hawamjui, hawajamwita, na wanachunguza mwenendo wa mwanachama wao Kiilu. Mmesikia hapo? Kiilu, ambaye hakuwahi kuhama, ndiye anayechunguzwa.

Jioni ile Kui alikuwa akifunga vyombo kwenye magazeti ya zamani, mengine yakiwa na picha ya mumewe. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Angalau umesema." Lenox alilia kama mtoto, mbele ya sufuria.

Alhamisi, mahakamani.

Watu wa Taa walijaza mabenchi ya upande mmoja, watu wa Jembe upande wa pili, na katikati kulikuwa na njia nyembamba. Nzula aliketi mbele kabisa. Kiilu aliletwa kizimbani amekonda, midomo imepasuka kwa kiu ya sukari, shati lile lile la Jumatano. Alipowatazama watu wa Taa, hakuna aliyempungia mkono. Kijana wa bendeji aligeuza uso. Hapo niliona Kiilu akiumia kuliko alivyoumizwa na seli.

Lenox akaitwa. Akashika Biblia, akaapa, akasema Upper Hill, akasema mchana. Safari hii hakuchambua hata kidogo. Mliokuwapo mtanishuhudia, alisema vizuri.

Mwendesha mashtaka aliinuka akitabasamu.

"Mheshimiwa, shahidi huyu aliapa kwa Pembe. Akaapa kwa Taa. Akaapa kwa Jembe. Leo ameapa kwa Biblia. Sisi tunaiomba mahakama ituambie tuamini kiapo kipi."

Mabenchi yote mawili yalicheka. Kwa mara ya kwanza mwaka huu, Taa na Jembe walikubaliana kwa jambo moja.

Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aligonga meza. "Kimya! Hili si jambo la kucheka." Akamgeukia Kiilu. "Mshtakiwa, tangu ukamatwe hujasema ulikuwa wapi. Huyu bwana ameapa kwamba ulikuwa naye. Ni kweli?"

Neno moja tu, Kiilu. Ndiyo. Sema ndiyo uende nyumbani ukachome sindano yako.

Kiilu alimtazama Lenox kwa muda. Akawatazama watu wa Taa. Halafu akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Huyu mtu tangu ahame sijakaa naye popote."

"Kiilu!" Lenox alipasua sauti. "Kiilu, ndugu yangu! Njugu tulikula pamoja!"

"Shahidi, nyamaza!"

Veronicah alikuwa amekimbilia kizimbani. "Unajifunga mwenyewe," alinong'ona. "Una wazimu?"

"Nikitoka kwa neno la huyu, nitoke niende wapi?" Kiilu alimjibu, na tuliokuwa mbele tulisikia. "Jina langu ndilo nimebaki nalo. Waache wanifunge nalo."

"Bwana Odero," hakimu alisema, "mmoja wenu ameidanganya mahakama hii, na nitajua ni nani. Nenda ukakae. Usitoke humu."

Lenox akashuka. Akasimama katikati ya ile njia nyembamba, akatazama mabenchi ya kushoto. Watu wa Taa walikaza magoti, wakabanana ili nafasi isionekane. Akatazama ya kulia. Watu wa Jembe waliweka makoti yao pale palipokuwa wazi. Mtu aliyekuwa na kiti kila upande wa nchi hii alikosa pa kuweka makalio. Alibaki amesimama, na askari akamwambia asizuie njia.

"Kwa hivyo kuhusu dhamana," hakimu alianza, akichukua kalamu, "kwa kuwa mshtakiwa mwenyewe amekana—"

"Mheshimiwa."

Nzula alikuwa amesimama.

Veronicah alimtikisia kichwa kwa nguvu, hapana, hapana. Kiilu uso ulimbadilika. Miaka yote ya ndoa yao hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia mkewe sauti, hata majirani hawakuwahi.

"Mheshimiwa," Nzula alisema. "Mume wangu anadanganya. Asubuhi hiyo aliniambia mwenyewe anaenda kuonana na nani. Nipeni hiyo Biblia niape. Wakisema ni msaliti, waseme. Mimi namtaka akiwa hai."

Upande wa Taa ukaanza kunguruma. Kijana wa bendeji alikuwa wima.

"Nzula!" Kiilu alipiga kizimba kwa ngumi mpaka kikalia. "Nzula, ukiapa, nikitoka sirudi kwako! Keti!"

Nzula hakuketi.